Kalamu Ndiyo Jembe Letu: Juu ya Masomo ya Fasihi na Uandishi wa Kiingereza katika Vyuo Vikuu

Bwana Mhariri,

Twaomba nafasi katika gazeti letu tuseme neno juu ya jambo lizungumzwalo sana na wanachama, tangu Kilwa Masoko hata Lindi mjini. Jambo lenyewe ni hili: karani apatapo ruhusa ya kwenda chuo kikuu, je, yafaa asome fasihi na uandishi wa Kiingereza, au aiache elimu hiyo kwa wana wa matajiri wasiohesabu siku za mwisho wa mwezi?

Swali hili limewagawa wenzetu makundi mawili. Kundi la kwanza lasema kwamba fasihi ni pambo la ukutani. Karani, wasema, na asome hesabu, au ugavi, au utunzaji wa kumbukumbu. Visa vya watu ambao hawakuishi duniani havina faida katika ofisi ya serikali. Kundi la pili lasema kwamba vitabu vya Kiingereza ndivyo mlango wa ustaarabu, na avisomaye hunena kwa ulimi mwepesi, huheshimiwa mkutanoni, na wakubwa humtazama kwa jicho jingine. Makundi haya hayapendani. Walakini sisi twaona kwamba kosa lao ni moja. Yote mawili yamekubali, bila kuulizana, kwamba fasihi ni mali ya Waingereza na kwamba haihusiani na kazi ya mezani. La kwanza laikataa kwa sababu hiyo. La pili laitamani kwa sababu hiyo hiyo.

Shauri letu twaliweka mbele mapema, ili msomaji asipoteze wakati wake. Kazi ya karani ni kuandika. Fasihi ni elimu ya maandiko yaliyoandikwa vizuri, na ya namna yalivyoupata uzuri wao. Basi karani anayo haki ya kuisoma, na ofisi imkatazayo yajinyima yenyewe. Lakini vyuo navyo vina wajibu wao: visiitenge fasihi na uandishi, wala visikitenge Kiingereza na Kiswahili, kana kwamba ni vitu visivyojuana.

KAZI YETU NI NINI

Mkulima ana jembe, mvuvi ana nyavu, seremala ana randa, nasi tuna kalamu. Na ahesabu mwanachama ye yote kazi zake za siku moja: barua tatu za kujibu, dokezo katika faili, muhtasari wa mkutano wa jana, tangazo la kubandikwa ubaoni, na taarifa ya robo mwaka ambayo ilitakiwa juzi. Hata mhasibu, ambaye hupenda kusema kwamba yeye na maneno ni mbali mbali, hulazimika kueleza kwa nini fedha za fungu hili zimetumika katika fungu lile. Na maelezo hayo yakiwa mabaya, hesabu nzuri haitamwokoa.

Sasa na tuitazame barua moja, ya namna ile itokayo maofisini kila siku. Tuseme mzee wa Kilwa Kivinje ameomba kupimiwa kiwanja chake. Baada ya miezi yaja bahasha yenye mhuri. Aifungua, naye akuta maneno haya ya kwanza: "Kichwa cha habari hapo juu chahusika." Asoma mara ya pili. Kichwa gani? Chahusika na nani? Aendelea mbele, akuta kwamba suala lake lipo katika hatua za utekelezaji kwa mujibu wa taratibu zilizopo. Mzee huyu si mjinga. Huenda ajua kutunga shairi la mizani kumi na sita bila kupunguza wala kuzidisha, na akisikia neno lisilo mahali pake hukunja uso kama mtu aliyetafuna mchanga. Lakini barua ya serikali yake, iliyoandikwa kwa lugha yake, haielewi. Basi atafuta nauli, apanda basi mpaka ofisini, na kumwuliza karani kijana: "Mwanangu, hapa mmenikubalia au mmenikatalia?"

Sentensi ile ya kwanza si Kiswahili. Ni Kiingereza cha ofisini kilichovikwa kanzu na kofia, na bado chatembea kwa buti. Aliyeiandika hakuitunga; aliinakili katika faili la zamani, na wa zamani naye aliinakili kwa mwingine. Wala si mtu mvivu. Amesoma sekondari kwa Kiingereza, akakariri kanuni zake. Lakini hakuna siku hata moja aliyoketi na mwalimu mbele ya ukurasa wa maandiko mema na kuulizwa: Kwa nini mwandishi amechagua neno hili, akaliacha lile? Msomaji wake alikuwa nani? Angaligeuza mpango wa maneno, ni kitu gani kingaliharibika? Maswali hayo matatu ndiyo kiini cha somo la fasihi. Kumbe lile somo liitwalo pambo ndilo ambalo lingemwokolea mzee nauli yake.

Na katika ofisi moja ya pwani hii, ambayo hatutaitaja jina, mwenzetu mmoja, karani wa masjala, aliomba ruhusa ya kusoma shahada ya fasihi na lugha. Wenzake wawili walioomba kusoma ugavi walikubaliwa. Yeye alijibiwa kwa barua ya mistari mitano kwamba somo aliloomba halina uhusiano na majukumu yake. Tumeisoma barua hiyo. Ina makosa manne ya lugha, na mstari wake wa mwisho waweza kufahamika kwa maana mbili zilizo kinyume. Hatudhani kwamba yuko wakili awezaye kuandika hoja bora kuliko barua hiyo ya kumpa mwenzetu ruhusa yake.

MAKARANI WALIOTUTANGULIA

Wasemao kwamba fasihi si jambo la watumishi wa serikali hawajauliza ni nani walioiandika. Geoffrey Chaucer, ambaye Waingereza humwita baba wa ushairi wao, alipewa kazi ya forodha katika bandari ya London mwaka 1374, kusimamia hesabu za ushuru wa sufu na ngozi. Na sharti mojawapo la kazi yake lilikuwa aandike madaftari kwa mkono wake mwenyewe. Alidumu katika kazi hiyo mpaka 1386. John Milton alikuwa katibu wa serikali ya Uingereza tangu 1649, akiandika kwa Kilatini barua za kwenda nchi za kigeni. Na alipopofuka macho aliendelea na kazi hiyo kwa kuwasomeshea wengine maneno wakayaandika.

Wa kwetu je? Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, aliingia kazi ya forodha 1926, akakaa humo mpaka 1944; kisha akahamia idara ya wanyama, kisha ofisi ya serikali Tanga, kisha ofisi ya upimaji. Maisha yake yote alikuwa karani. Martin Kayamba, aliyesomeshwa na misheni Kiungani huko Unguja, ndiye aliyekiongoza chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika kilichoanzishwa Tanga mwaka 1922. Naye alipokwenda Uingereza mwaka 1931 alirudi akaandika habari za safari yake kwa Kiswahili, kikawa kitabu kilichochapwa 1932.

Watu hawa wanne hawakupewa siku yenye saa nyingi kuliko yetu. Walikuwa na mkubwa wa kazi, na mshahara usiotosha, na daftari lisilongoja. Wala sisi hatudhani kwamba daftari lilikuwa adui wa utungaji wao. Daftari la forodha lamfunza mtu kukiita kitu kwa jina lake, kukihesabu kwa haki, na kutoandika magunia kumi mahali palipo tisa. Mwandishi asiyejifunza hayo huandika maneno makubwa yasiyo na mzigo ndani. Kwa hiyo atuambiaye kwamba karani na fasihi hawakutani, na atuonyeshe kwanza fasihi ambayo makarani hawakuigusa.

KILWA NA KALAMU

Sasa twageukia kundi la pili, wale wenzetu ambao hudhani kwamba vitabu vya Kiingereza ndivyo vitakavyotutoa gizani. Twawauliza: giza la nani?

Kijana wa Kilwa aenda chuo kikuu, apewa utenzi mkuu wa Milton uitwao Paradise Lost, uliochapwa 1667. Katika sehemu ya kumi na moja, malaika ampandisha Adamu juu ya mlima na kumwonyesha falme za dunia. Na miongoni mwa falme hizo zatajwa Mombasa, na Malindi, na Sofala, na Kilwa, ila jina la Kilwa limeandikwa kama Wareno walivyoliandika, Quiloa. Mwalimu asipomwambia, kijana alipita jina la mji wake kama mtu apitaye kaburi la babu yake usiku. Atatoka darasani akiamini kwamba amesoma habari za mbali, kumbe alikuwa mlangoni kwao.

Wala Kilwa haikuwa imekaa ikimngoja Milton aitaje. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331 na kuandika aliyoyaona. Habari za masultani wa Kilwa ziliandikwa kwa Kiarabu na nakala yake imehifadhiwa London. Na Mreno João de Barros alizitia habari za wafalme hao katika kitabu chake kilichochapwa 1552, miaka 115 kabla ya utenzi wa Milton.

Na lililo kubwa kuliko yote, kwetu sisi makarani, ni hili. Barua kongwe kabisa za Kiswahili zijulikanazo duniani ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na rafiki zao. Leo zimo katika nyumba ya kumbukumbu za kale huko Goa, Bara Hindi. Tafakarini jambo hilo, ndugu zetu. Andiko la kale kabisa la Kiswahili lenye kujulikana hivyo si utenzi wala si hadithi. Ni barua, za mambo ya utawala, za ukoo mmoja na hizi tuziandikazo kila asubuhi. Waliozituma walijua wamwandikia nani, na walitaka nini kwake.

Lindi nayo haikukaa kimya. Vita vya Majimaji vilipozuka mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, mshairi wa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini, alivitungia utenzi mrefu, na utenzi huo ukachapwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Basi pwani hii ina barua, ina historia, ina utenzi wa vita. Twauliza: ni wangapi kati ya wenye shahada za fasihi waliotoka Kilwa na Lindi ambao chuo kimewaonyesha hata nakala ya barua moja ya 1711? Aliye mmoja na ainue mkono, nasi tutamwomba aje atufundishe.

DESTURI YENYEWE NI CHANGA

Wako watakaotujibu kwamba chuo kikuu kina desturi zake za kale, na kwamba fasihi ya Kiingereza ilikuwako huko tangu mawe ya msingi yalipowekwa. Hasha. Chuo cha London kilichoitwa University College kilipata mwalimu mkuu wake wa kwanza wa Kiingereza mwaka 1828. Oxford, chuo chenye umri wa mamia ya miaka, hakikukubali kutoa shahada ya heshima ya Kiingereza mpaka 1894. Na Cambridge ilingoja mpaka 1917. Kabla ya hapo kijana wa Kiingereza aliyetaka kuhesabiwa msomi alisoma Kiyunani na Kilatini. Wazee wa vyuo walisema kwamba Kiingereza ni lugha ya nyumbani ambayo kila mtu aijua, basi kuna nini cha kusoma? Na leo maneno hayo hayo twayasikia yakisemwa juu ya Kiswahili, na mara nyingi na Waswahili wenyewe. Waingereza hawakuipata heshima ya lugha yao kwa zawadi. Waliidai, na hoja zao zikashinda.

Hapa Afrika Mashariki nasi tumekuwa na madai yetu. Mwezi wa Juni 1962 walikutana Makerere waandishi wa Kiafrika, lakini wale waandikao kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyekuwa na vitabu vingi kuliko wengi wa vijana waliohudhuria, hakustahili kuitwa, kwa kuwa vitabu vyake vilikuwa vya Kiswahili. Naye alifariki mwezi huo huo. Hatusemi hili ili kuamsha machozi. Twalisema ili ijulikane kipimo kilichotumiwa: mtu hakuulizwa ameandika nini, aliulizwa ameandika kwa lugha gani.

Miaka sita baadaye, tarehe 24 Oktoba 1968, walimu watatu wa chuo kikuu cha Nairobi, ndio marehemu Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wakitaka idara ya Kiingereza ifutwe, na mahali pake pawe na idara ambayo Afrika, lugha zake na fasihi simulizi yake, zitakuwa katikati, na fasihi za nchi nyingine zitazamwe kutoka hapo. Mabishano yakawa makali, na idara ya fasihi ikapatikana. Nako Dar es Salaam idara ya Kiswahili ikaanzishwa mwaka 1970. Na makarani wenzetu walitie akilini neno hili: mageuzi ya Nairobi yalianza kwa waraka wa kurasa chache, yaani kwa kazi ile ile ambayo sisi twalipwa kuifanya. Waraka mmoja ulioandikwa vema ulifanya ambalo manung'uniko ya miaka hayakulifanya.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Asije mtu akasema kwamba sisi twataka vitabu vya Kiingereza vitupwe baharini. Hatukusema hivyo wala hatutasema. Wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Shauri letu ni kwamba mwenyeji apone kweli. Asigeuzwe mgeni katika nyumba yake.

Tazameni mifano. Mwalimu Nyerere, hali amebeba mzigo wa urais, alifasiri tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, ikachapwa kwa Kiswahili mwaka 1963, na akaitengeneza upya mwaka 1969. Mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi. Hakutafuta sifa ya kunena Kiingereza, alikuwa nayo. Alitaka kuonyesha kwamba Kiswahili chaweza kubeba mzigo huo. Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso huko Masasi, jirani zetu, alihitimu shahada ya Kiingereza Makerere mwaka 1962, akawa afisa katika utawala, mhariri wa magazeti, waziri, na Rais wa nchi tangu 1995 hata 2005. Hatujasikia mtu aliyemwambia kwamba somo lake halikuwa na uhusiano na majukumu yake.

Mfano wa tatu una uchungu ndani yake. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alifundisha fasihi katika chuo kikuu cha Kent, Uingereza, na mwaka 2021 akapewa tuzo ya Nobel. Riwaya yake iitwayo Paradise, yenye habari za pwani yetu na njia za bara, ilitoka 1994. Kwa Kiswahili ilitoka mwaka 2022, kwa jina la Peponi, na mfasiri wake ni Ida Hadjivayanis. Miaka 28 habari za pwani zilizunguka dunia kabla ya kurudi pwani. Na zilirudi kwa mkono wa mtu aliyezijua fasihi zote mbili. Laiti vyuo vyetu vingekuwa vikiwatoa watu wa namna hiyo kila mwaka, safari ile isingechukua umri wa mtu mzima.

KOSA LA MADARASA

Tufike sasa katika vyumba vya masomo vyenyewe. Kwa habari tupewazo na wenzetu walio huko na waliokwisha kurudi, mambo huenda hivi mara nyingi.

Darasa moja lasoma pasipo kuandika. Mwanafunzi apewa orodha ya riwaya na tamthilia. Vitabu ni vichache, wanafunzi ni wengi; basi anunua makaratasi ya muhtasari yanayouzwa kando ya chuo, akariri dhamira na wahusika, na siku ya mtihani ayamwaga yote kama alivyoyapokea. Apata shahada ya fasihi hali hajasoma kitabu kizima, wala hajaandika ukurasa mmoja ulio wake.

Darasa la pili laandika pasipo kusoma. Huitwa stadi za mawasiliano. Humo mwanafunzi hufundishwa anwani ikae upande gani, mkato utiwe wapi, na taarifa igawanywe sehemu ngapi. Lakini hawekewi mbele yake barua hata moja iliyowahi kumgeuza mtu nia. Ni kama kumfundisha mtu kupika kwa kumwonyesha sufuria. Na katika madarasa yote mawili Kiswahili hakiingii, maana kina idara yake ng'ambo ya ua.

Sisi twataka madarasa hayo yaoane. Tutoe mfano. Katika tamthilia ile ya Kaizari watu wawili wahutubia umati mmoja juu ya maiti moja. Brutus asema kwanza, kwa maneno ya nathari yaliyopimwa, atoa sababu zake, na watu wakubali. Kisha asimama Antonio. Yeye hatoi sababu, bali awaonyesha joho lililotobolewa kwa visu, awatajia wasia wa marehemu, arudia neno moja la sifa mpaka ligeuke kuwa tusi. Na mji washika moto. Karani aliyeusoma ukurasa huo kwa makini, Kiingereza mkono wa kuume na Kiswahili cha Mwalimu mkono wa kushoto, amejifunza mambo ambayo hakuna kanuni ya mkato iwezayo kumfunza. Amejua kwamba tangazo laweza kuwa la kweli na lisipokelewe. Amejua pia kuwa macho, ajapo mtu na barua tamu isiyo na sababu ndani yake. Mambo yote mawili yatamfaa mezani.

Kisha aandike. Asome barua ya Kilwa ya 1711, naye aandike barua kwa ofisi ya jirani juu ya jambo la leo. Achukue tangazo la Kiingereza juu ya pembejeo za korosho, aligeuze Kiswahili, na kumsomea mkulima wa Ruangwa. Mkulima asipofahamu, karatasi irudi mezani ikaandikwe upya. Huo ndio mtihani, na mkulima ndiye msahihishaji.

Wala haja hii si ya makarani peke yao. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama katika nchi yetu. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini mawakili na mahakimu wamesoma sheria yao kwa Kiingereza, na hukumu haijigeuzi yenyewe. Nani atakayeiandika kwa Kiswahili ambacho mshitakiwa atakifahamu, na ambacho maana ya sheria haitapotea ndani yake? Atahitajika mtu aliyefunzwa kupima neno kwa neno katika lugha mbili. Mtu huyo ndiye yule ambaye ofisi zamkatalia ruhusa.

MAJIBU YA HOJA MBILI

Hoja ya kwanza: fasihi haipandishi cheo. Twajibu kwamba hilo ni kosa la ngazi ya vyeo, si kosa la fasihi. Ikiwa mwenye kuandika barua ifahamikayo na mwenye kuandika barua isiyofahamika wako daraja moja, basi aliyeipanga ngazi hakupima kazi; alihesabu miaka.

Hoja ya pili: sisi watu wa pwani Kiswahili tumezaliwa nacho, hatuna haja ya kukisoma. Twajibu kwamba Mwingereza naye amezaliwa na Kiingereza, lakini hukisoma mpaka chuo kikuu na kukiandikia kamusi. Na kama kuzaliwa nacho kwatosha, ile barua ya kichwa cha habari imetoka wapi? Usiache mbachao kwa msala upitao. Na mbacha usiokungutwa nao huliwa na mchwa.

TWATAKA NINI

Maneno matupu hayajazi faili. Kwa hiyo twaweka mbele ya Chama mambo manne, ili matawi yayajadili na kuyatolea kauli:

1. Chama kiandike waraka kwa wakuu wa ofisi kwamba mwanachama aombaye ruhusa ya kusoma fasihi na lugha apimwe kwa kipimo kile kile apimwacho aombaye ugavi au hesabu. Na akikataliwa, apewe sababu kwa maandishi yanayofahamika.

2. Chama kiviombe vyuo vikuu kwamba mwanafunzi wa fasihi ya Kiingereza apitie pia fasihi ya Kiswahili, na kwamba katika kila somo la fasihi aandike maandiko yake mwenyewe, yasomwe na kusahihishwa, na yasiwe majibu ya mtihani tu.

3. Ziombwe nakala za barua za Kilwa za 1711, zikiwa na maandishi ya herufi za Kilatini chini yake, ziwekwe katika shule za sekondari za Kilwa na Lindi. Mtoto na ajue kwamba babu zake waliandika.

4. Kila tawi liwe na jioni moja kwa juma ya kusoma. Kitabu kimoja kisomwe kwa lugha mbili palipo na tafsiri, na barua moja ya ofisi, jina la mwenyewe likifichwa, itengenezwe na wote. Mwanachama aliyerudi kutoka chuo ndiye awe mwalimu, na hiyo ndiyo iwe ada ya elimu aliyoipata.

Hatusemi kwamba mambo haya ni mepesi. Lakini la nne halihitaji ruhusa ya mkubwa wala fungu la fedha. Lahitaji taa, meza, na watu wenye nia. Na tawi lo lote litakaloanza kabla ya wengine, sisi tutalileta habari zake katika gazeti hili.

Bwana Mhariri, tumesema kwa ukali kidogo kwa kuwa jambo lenyewe ni la chakula chetu. Mkulima hakubali kuambiwa kwamba kunoa jembe ni anasa. Nasi hatukubali kuambiwa kwamba kujifunza kuandika si kazi ya mwandishi. Ye yote aliye na hoja kinyume na yetu na ailete katika toleo lijalo; twaomba jambo moja tu, kwamba aiandike vema.

Sisi wenzenu katika kazi,

Makarani wa Kilwa na Lindi